Umbali na Muda wa Safari ya Ndege Kati ya Mtwara na Dar es Salaam: Mwongozo kwa Waamini wa Masasi na Newala

Kiwanja cha Ndege cha Mtwara na Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere jijini Dar es Salaam vimetengana kwa takriban kilomita 400 za anga, na ndege ya abiria huumaliza mwendo huo kwa muda wa saa moja hivi. Hilo ndilo jibu fupi, na ndilo linaloonekana katika tiketi. Kwa mwamini wa Masasi au Newala, hata hivyo, jibu hilo ni sehemu ndogo tu ya safari yake, kwa kuwa kiwanja anachoondokea kipo umbali wa nusu siku kutoka nyumbani kwake.

Suala hili si la wasafiri wa biashara peke yao. Mara nyingi huibuka ghafla: mgonjwa amepewa rufaa, msiba umetokea mjini, kijana anapewa Daraja Takatifu na wazazi wake wazee wanapaswa kufika. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo hukutana jioni, na mmoja husema, “Tumpeleke kwa ndege, ni saa moja tu.” Kwa neno hilo michango hupangwa, mifugo huuzwa, na korosho ambazo hazijavunwa huwekewa ahadi. Tumeona ni vema kuweka hapa hesabu yote, ili wanaoamua waamue wakiwa na picha kamili.

Umbali wa anga hupimwaje

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege haupimwi kwa kufuata barabara. Hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, kwa kutumia latitudo na longitudo za kila kiwanja. Kiwanja cha Dar es Salaam kipo karibu na nyuzi 6 na dakika 53 Kusini, na nyuzi 39 na dakika 12 Mashariki. Kile cha Mtwara kipo karibu na nyuzi 10 na dakika 20 Kusini, na nyuzi 40 na dakika 11 Mashariki.

Marubani na mabaharia hutumia kipimo kiitwacho maili ya baharini, ambacho ni sawa na kilomita 1.852. Kipimo hicho kilitokana na dunia yenyewe: dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye ramani anaweza kujifanyia hesabu. Kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara tunashuka kusini kwa dakika 207 hivi za latitudo, yaani takriban kilomita 384. Tunasogea pia mashariki kwa takriban kilomita 108, kwa sababu pwani yetu hupinda kuelekea mashariki kadiri inavyokaribia mto Ruvuma. Tukiunganisha pande hizo mbili kwa mstari wa mshazari, tunapata karibu kilomita 400.

Kwa njia hiyohiyo tunapata umbali wa miji yetu. Masasi mjini ipo takriban kilomita 430 za anga kutoka kiwanja cha Dar es Salaam, na takriban kilomita 157 kutoka kiwanja cha Mtwara. Newala ipo takriban kilomita 450 kutoka Dar es Salaam, na takriban kilomita 118 kutoka Mtwara. Longitudo ya Newala inakaribiana sana na ile ya kiwanja cha Dar es Salaam. Hii ina maana kwamba anayesimama ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, penye Shimo la Mungu, akilipa kisogo bonde la Ruvuma na kutazama kaskazini moja kwa moja, anautazama mji wa Dar es Salaam. Lakini hakuna njia inayokwenda hivyo. Ili kupanda ndege, mtu wa Newala husafiri kwanza kuelekea pwani ya mashariki, na mtu wa Masasi husafiri mashariki mbali zaidi, kisha wote wawili hurudi kaskazini kwa njia ya anga.

Umbali wa barabara

Kwa barabara, Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560. Kutoka Masasi hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 600. Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau: basi la Masasi kwenda Dar es Salaam halipiti Mtwara. Hupita Ndanda, Nyangao na Mtama hadi Mnazi Mmoja, Mingoyo, na hapo hukata kushoto kuelekea Lindi na kaskazini. Anayekwenda kupanda ndege hukata kulia kuelekea Mikindani na Mtwara. Kwa hiyo, kwa mtu wa Masasi, kwenda kiwanjani Mtwara si sehemu ya njia ya Dar es Salaam, bali ni safari nyingine ya takriban kilomita 200 inayoanza kumpeleka upande mwingine pale Mnazi Mmoja.

Mtu wa Newala ana njia zaidi ya moja. Ya kwanza hupita Tandahimba na Nanyamba hadi Mtwara, takriban kilomita 140. Ya pili hushuka kutoka uwanda wa juu kuelekea Masasi, takriban kilomita 70, na kuungana na barabara kuu. Ipo pia ya tatu, inayopita Kitangari na Mkwiti hadi Mtama. Barabara yote ya Mtwara, Tandahimba, Newala na Masasi ina urefu wa kilomita 210. Kipande cha kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata kilitangulia kupata lami. Zile kilomita 160 zinazobaki, kutoka Mnivata hadi Masasi kupitia Newala, ziliingizwa katika ujenzi wa kiwango cha lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ndiyo maana muda wa safari kutoka Newala hubadilika mwaka hadi mwaka na msimu hadi msimu, ingawa kilomita hazibadiliki.

Umbali uleule, muda tofauti

Historia ya kusini inatufundisha kwamba kilomita na muda ni vitu viwili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misioni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Lindi akiongoza kwa miguu kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, na safari hiyo ndiyo iliyozaa misioni ya Masasi. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia waliofungua Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896 na Ndanda mwaka 1906 nao walitegemea miguu na wapagazi. Kutoka Lindi hadi Masasi ni takriban kilomita 140. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa siku, hizo ni siku tano au sita. Leo gari huzimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpango wa kilimo cha karanga ulileta reli iliyofika Nachingwea. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1962, na kusini ikabaki na barabara na bahari. Kwa miaka mingi abiria wa Dar es Salaam walisubiri kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji, na wakati wa masika njia ilifungwa kabisa. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 na kuumaliza usumbufu wa kivuko. Limepewa jina la Rais Benjamin William Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ambaye amezikwa hukohuko kwao. Kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga ndicho kilichochelewa zaidi kupata lami.

Hata hivyo, barabara bado inaweza kukatika. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliharibu madaraja na makalavati katika ukanda wa Somanga, na magari kati ya Lindi na Dar es Salaam yakasimama kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo ulinganisho wote wa ndege na basi hubadilika. Ndiyo sababu kila familia yenye mgonjwa wa kuhudhuria kliniki mjini inafaa kuijua njia ya ndege hata kama haina kawaida ya kuitumia.

Muda wa kuruka

Ndege za kampuni ya Air Tanzania aina ya Dash 8 Q400, zenye panga mbili, zina uwezo wa kwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa zikiwa juu. Ndege za aina ya ATR, ambazo pia zimetumika sana katika safari za ndani, huenda takriban kilomita 500 kwa saa. Tukigawanya kilomita 400 kwa 600 tunapata dakika 40, na kwa 500 tunapata dakika 48. Mbona basi ratiba husema saa moja au zaidi kidogo?

Sababu ni kwamba ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine. Ndani yake mna kutembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda angani kwa mwendo mdogo, kupunguza mwendo kabla ya kutua, na wakati mwingine kuzunguka kusubiri ndege iliyotangulia. Hayo huongeza dakika 15 hadi 25. Nyongeza hiyo ni ileile iwe safari ni ndefu au fupi, na kwa hiyo katika safari fupi huonekana kubwa.

Upepo nao una sehemu yake, lakini kwa umbali huu ni ndogo. Ndege ya kilomita 600 kwa saa ikikabiliwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa kutoka mbele, itachelewa kwa dakika tatu hivi tu kufika Mtwara. Ni katika safari za maelfu ya kilomita ndipo upepo huweza kuongeza au kupunguza nusu saa na zaidi.

Kiwanja cha Mtwara kimefanyiwa ukarabati mkubwa na njia yake ya kurukia ikarefushwa kufikia mita 2,800. Jambo hilo limekiwezesha kupokea ndege kubwa kuliko zamani, lakini halijabadilisha muda wa kuruka kwa kiasi cha kuhisiwa na abiria.

Viwanja vidogo vya Masasi na Newala

Baadhi ya waamini huuliza kuhusu viwanja vidogo vya Masasi na Newala. Umbali wa anga kati ya miji hiyo miwili ni karibu kilomita 60, na ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 250 kwa saa ingeumaliza kwa robo saa. Viwanja hivyo, hata hivyo, havina safari za ratiba kama Mtwara. Ndege ndogo hutua kwa mahitaji maalumu, na gharama yake hubebwa na anayeikodi. Kwa hiyo familia isipange safari kwa kutegemea kwamba ipo ndege ya abiria itakayoondoka Masasi au Newala. Kiwanja chetu cha safari za ratiba ni Mtwara.

Hesabu ya mlango hadi mlango

Sasa tunaweza kuziweka sehemu zote pamoja. Tuchukue mgonjwa anayetoka Masasi mjini kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga:

– Masasi hadi kiwanja cha Mtwara: muda wa saa 3 hadi 4.
– Kufika mapema, ukaguzi na kusubiri: muda wa saa 2.
– Kuruka hadi Dar es Salaam: muda wa saa 1.
– Kushuka na kupokea mizigo: nusu saa.
– Kiwanjani hadi Upanga: muda wa saa 1, au zaidi kukiwa na foleni.

Jumla ni muda wa saa saba na nusu hadi nane na nusu, kama kila kitu kimekwenda sawa. Basi la moja kwa moja kutoka Masasi, kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, hutumia muda wa saa 10 barabarani, na pamoja na vituo hufikia 11. Tofauti ya kweli, basi, si kati ya saa moja na kumi na moja, bali ni kama saa tatu hivi. Kwa Newala hesabu ya ndege inafanana na hiyo: kilomita za kwenda Mtwara ni chache zaidi, lakini mwendo hutegemea hali ya barabara.

Jambo linaloamua zaidi ni saa ya kuondoka kwa ndege. Tuseme ndege inaondoka Mtwara Jumanne saa 3 asubuhi. Abiria anapaswa kuwa kiwanjani saa 1 asubuhi, na kwa hiyo angelazimika kuondoka Masasi au Newala saa 9 usiku. Ni wachache wanaoweza kumsafirisha mgonjwa kwa saa hiyo. Wengi huondoka Jumatatu na kulala Mtwara. Aliyepanda basi Masasi Jumatatu hiyohiyo saa 12 alfajiri huwa amefika Dar es Salaam kabla ya giza kutanda, usiku mzima kabla ndege ya mwenzake haijaruka. Ndege ya mchana au ya jioni haina kasoro hiyo, kwa sababu inaruhusu kutoka nyumbani na kufika siku moja.

Hatusemi haya ili kuwakatisha tamaa wanaotaka kupanda ndege. Kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji, mwenye mfupa uliovunjika, au mzee asiyeweza kukaa kitini siku nzima, faida ya ndege haimo katika saa zinazookolewa, bali katika maumivu anayoepushwa. Saa 11 za kukaa kitini ni mzigo mzito kwa mwili dhaifu. Lakini hiyo ni sababu tofauti na haraka, na inafaa isemwe waziwazi pale Jumuiya inapochangishana, ili mwenye kutoa ajue anatoa kwa ajili ya nini.

Mgonjwa, msiba na hija

Kwa mgonjwa, swali la kwanza lisiwe “basi au ndege?” bali “rufaa inampeleka wapi?” Tunayo hospitali ya Ndanda, na Mtwara, eneo la Mitengo, ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Matibabu ambayo zamani yalidai safari ya Dar es Salaam huenda sasa yakapatikana karibu zaidi, na daktari anayeandika rufaa ndiye wa kuulizwa. Ikiwa ni lazima kwenda kwa ndege, shirika la ndege lijulishwe kabla ya kukata tiketi. Mashirika huhitaji barua ya daktari kwa mgonjwa mahututi, kwa anayehitaji hewa ya oksijeni au machela, na kwa mama mwenye ujauzito mkubwa. Familia iliyofika kaunta bila barua hiyo inaweza kuzuiwa, na safari ya kilomita 200 ikawa ya bure. Tunawakumbusha pia kwamba Mpako wa Wagonjwa haungoji mtu kufika mjini. Paroko aarifiwe mapema, kabla mgonjwa hajaondoka nyumbani.

Kwa msiba, ndege huwasaidia zaidi waombolezaji wachache wanaotaka kuwahi kuliko kuusafirisha mwili wa marehemu. Mwili husafirishwa kama mzigo maalumu, kwa hati za kifo na vibali, ndani ya jeneza lililofungwa kwa masharti ya shirika, na si kila ndege ina nafasi. Ukifika Mtwara bado unahitaji gari la kilomita 140 hadi Newala au 200 hadi Masasi. Gari lililotoka Dar es Salaam humfikisha marehemu moja kwa moja mlangoni kwake. Familia nyingi zikifanya hesabu hii hukuta kwamba gari moja linatosha kwa kazi ambayo kwa ndege ingehitaji magari mawili na gharama ya mzigo juu yake.

Kwa mahujaji, Mtwara hadi Dar es Salaam ni hatua ya kwanza tu. Kutoka Dar es Salaam hadi Entebbe, kwa wanaokwenda Namugongo kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, ni karibu kilomita 1,075 za anga. Kutoka Dar es Salaam hadi Roma ni karibu kilomita 6,070, na kwa kawaida abiria hubadilisha ndege njiani, kwa mfano Addis Ababa, Doha au Istanbul. Anayetoka Newala aache siku nzima kati ya kufika Dar es Salaam na kupanda ndege ya nje. Ndege ya Mtwara ikiahirishwa, ile ya kimataifa haitamsubiri.

Kusoma saa katika tiketi

Wasafiri wengi wa kwetu hukosa ndege kwa kusoma saa vibaya, wala si kwa kuchelewa njiani. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, unaoanza kuhesabu usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu kuanzia machweo na mawio. Kanuni ni kutoa 6. Palipoandikwa 09:00 ni saa 3 asubuhi. Palipoandikwa 13:40 ni saa 7 na dakika 40 mchana. Palipoandikwa 19:15 tunatoa 6, tunabaki na 13:15, tunatoa tena 12, na kupata saa 1 na robo usiku.

Hatari kubwa zaidi ipo katika saa za usiku. Tiketi ya Jumanne 00:30 ni saa 6 na nusu usiku wa kuamkia Jumanne. Msafiri anapaswa kuwa kiwanjani Jumatatu jioni. Atakayefika Jumanne jioni atakuta ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Waamini waliozoea mkesha wanaweza kulikumbuka kwa urahisi: kama vile adhimisho la Dominika linavyoanza Jumamosi jioni, safari ya saa 6 na nusu usiku huanza jioni ya siku iliyotangulia.

Tena, saa zote katika tiketi ni za mahali husika. Kati ya Mtwara na Dar es Salaam hakuna tofauti, wala Uganda. Lakini Msumbiji ipo nyuma yetu kwa saa moja, na anayevuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 pale Mtambaswala, hurudisha saa yake nyuma. Roma ipo nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi yao, na saa moja kuanzia Dominika ya mwisho ya Machi hadi Dominika ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo tiketi inayoonesha kuondoka Addis Ababa 10:00 na kufika Roma 14:00 wakati wa baridi haina maana ya safari ya saa nne, bali ya saa sita.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchanga

Tunazishauri Jumuiya na kamati za parokia zijiulize maswali haya kabla ya kukusanya michango ya safari ya ndege:

1. Ndege inaondoka saa ngapi kwa saa yetu, na siku gani hasa?
2. Je, msafiri atalazimika kulala Mtwara? Nani atampokea?
3. Gari la kwenda Mtwara ni lipi, na nani atalilipia?
4. Je, barua ya daktari ipo, na shirika la ndege limeikubali?
5. Nani atampokea Dar es Salaam, na ni katika jengo lipi la abiria?
6. Safari ya kurudi imewekewa nini?

Swali la sita ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi. Mgonjwa hupelekwa kwa ndege kwa nguvu za Jumuiya nzima, kisha hutolewa hospitalini akiwa dhaifu, mfuko ukiwa umekwisha, naye hurudi kwa basi siku nzima na jeraha ambalo halijapona. Ikiwa michango inatosha nauli moja tu ya ndege, wanaochanga wamuulize daktari ni safari ipi itakayomtesa zaidi, ya kwenda au ya kurudi, na nauli hiyo iwekwe hapo.

Tunawatakia safari njema wote walio njiani.